Kabla ya Kusema Ni Feki

Sarafu ilikuja imefungwa kwenye pindo la khanga, na fundi hakuipokea mkononi. Kwanza alitandaza kitambaa cha pamba juu ya meza, akakinyoosha kwa viganja, ndipo akamwambia mwenye mali, "Iweke hapo, mwanangu. Iweke tu, usiiburuze." Mama yule alikuwa amefika kwa bodaboda kutoka Ulaya, Ulaya yetu ya Kilosa, siyo ile ya kupanda ndege. Alifungua fundo, akaiweka, akarudi kwenye benchi. "Marehemu baba aliiacha kwenye sanduku," alisema. "Dalali ananiambia haimo kwenye kitabu chochote, kwa hiyo ni adimu, ataiuza milioni nane. Anataka nimpe laki moja ya usumbufu kwanza. Mdogo wangu naye anasema ni feki, niitupe."

Fundi hakujibu la dalali wala la mdogo mtu. Alivuta meza hadi karibu na mlango ili mwanga uingie kwa ubavu.

Kibanda chake kipo Masanze, kati ya Kilosa na Mikumi. Usonara alijifunza Kilosa mjini akiwa kijana, na mpaka leo riziki yake ni kulehemu hereni zilizokatika, kukaza pete zilizolegea na kubadili betri za saa. Kazi ya sarafu ilimfuata yenyewe. Reli ya Kati ilifika Kilosa mwaka 1909, Wajerumani wakaondolewa huku mwaka 1916, na tangu hapo watu hawajaacha kuibua rupia za Kijerumani mashambani, au kuuziwa rupia na matapeli wanaodai wameziibua shambani. Zinazoletwa zaidi ni zile za tembo. Rupia 15 za dhahabu zenye tembo ziligongwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, vita ikiwa imefunga njia ya bahari, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka zipatazo 16,000 tu, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7.168. Za shaba nyeupe na za manjano zinazoletwa kibandani kwake huanguka kwenye kipimo cha kwanza, maana shaba ya ukubwa ule inabaki na nusu ya uzito na kidogo juu yake. Kazi hiyo haimpotezei muda.

Ya siku ile haikuwa ya kipimo kimoja.

Alianza kwa macho matupu, mikono ameifumbata nyuma. Kipande kilikuwa kikubwa, cheupe kilichofifia, na weusi umetulia kandokando ya herufi. Upande mmoja mlima wenye mwenge juu yake, neno TANGANYIKA likiwa limeupinda mlima kwa juu, na chini tarehe: 9 Desemba 1961. Upande wa pili ngao, mwanamume na mwanamke wameishika huku na huku, na chini yao UHURU NA UMOJA. Mwenge ule kila aliyesoma shule anaujua: Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Kilimanjaro usiku wa kuamkia siku ya Uhuru. Picha zilikaa sawa na historia. Lakini picha kukaa sawa si ushahidi mkubwa, kwa sababu mwenye kughushi naye amesoma shule.

Fundi aliinama zaidi, akaanza kutafuta kisichokuwepo. Alizungusha kitambaa chenyewe, siyo sarafu, mpaka pande zote za maandishi zikampitia. Kisha akaigeuza kwa kuishika ukingoni kwa kidole gumba na cha shahada, kidole kisiguse uso. "Thamani iko wapi?" aliuliza, na mimi niliyekuwa nikimtazama sikujua kama ananiuliza au anajiuliza. Hapakuwa na shilingi moja, wala tano, wala senti. Hapakuwa na tarakimu nyingine yoyote zaidi ya ile tarehe.

Hapo ndipo alipofungua kopo lake.

Ni kopo la zamani la maziwa ya unga, na ndani yake kila kipande kimefungwa kwenye karatasi yake. Alitoa shilingi ya simba, ile ya Afrika Mashariki yenye simba mbele ya milima na jina la Mfalme George wa Sita upande wa pili. Akatoa senti kumi yenye tundu katikati, ya mwaka 1964, isiyo na jina la mfalme wala malkia. Akamalizia na shilingi ya kwanza ya Tanzania, ya mwaka 1966, yenye kichwa cha Mwalimu upande mmoja na mwenge upande wa pili. Alizipanga mstari juu ya kitambaa kufuata miaka, akaacha pengo kati ya simba na tundu. Pengo hilo lilikuwa la mwaka 1961.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Siku bendera ilipopandishwa, Tanganyika haikuwa na sarafu yake. Fedha zote za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919. Mtu aliyenunua soda Kilosa usiku ule wa shangwe alilipa kwa shilingi ya mfalme aliyekuwa amekufa tangu mwaka 1952, kwa sababu Bodi haikugonga shilingi nyingine baada ya hiyo. Muungano ukaja Aprili 1964, Benki Kuu ya Tanzania ikafungua milango tarehe 14 Juni 1966, na sarafu yetu ya kwanza kabisa ikaandikwa Tanzania. Nchi iliyoitwa Tanganyika ilipata uhuru na ikaungana bila kugonga hata senti. Sarafu ya kwanza ya kuadhimisha Uhuru ilikuja kwenye miaka kumi, mwaka 1971: shilingi tano yenye kona kumi.

Kwa hiyo kitu hiki kutokuwemo kwenye kitabu kulikuwa na maana, ila siyo ile ya dalali. Kitabu cha fundi ni katalogi ya Krause, nakala iliyochakaa na kupoteza jalada, na ameifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Katalogi ya aina hiyo hupanga sarafu, yaani kitu kilichotolewa na mamlaka yenye haki ya kutoa fedha, kikiwa na thamani ya kulipia. Kilichogongwa kwa kumbukumbu tu, bila thamani, ni medali, na medali zina vitabu vyake. Kama kipande hiki kingeandikwa "shilingi tano, Tanganyika, 1961", fundi angekuwa amemaliza kazi: kingekuwa uongo. Kwa kuwa hakikuandikwa thamani, kilikuwa bado na haki ya kusikilizwa. Kimetengenezwa kwa madini gani? Kimegongwa au kimesubiwa? Kina umri kinaoudai?

Alileta mizani. Ni mizani ndogo ya kidijitali ya masonara, inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Aliiweka juu ya kigae kilicholala sawa, akazima feni, akaijaribu kwanza kwa shilingi ya simba ambayo uzito wake anaujua. Ndipo akaweka kipande: gramu 23.42. Akakiondoa, akakirudisha, ikasoma vilevile. Akachukua kalipa, akapima kipenyo mara tatu kwa pembe tofauti, milimita 38 kila mara, na unene wa ukingo milimita 2.3. Aliandika kila namba kwenye daftari la shule kabla ya kupima inayofuata. Nilipomwuliza kwa nini haandiki zote mwishoni, alisema namba ya pili hupenda kuivuta ya kwanza ifanane nayo.

Baada ya hapo ilikuja kazi niliyoipenda kuliko zote. Alichukua bilauri ya maji yaliyochemshwa na kupoa, akadondosha tone moja la sabuni ya maji ili mapovu yasishike kwenye chuma, akaiweka juu ya mizani na kuirudisha mizani kwenye sifuri. Akafunga kipande kwa uzi mwembamba wa nailoni, ule wa kuvulia. Mkono wake wa kulia ukiwa umeegemea kitabu cha Krause ili usitetemeke, alikishusha ndani ya maji mpaka kikazama chote, bila kugusa kitako wala ubavu wa bilauri. Povu moja dogo lilikuwa limejificha chini ya ngao. Alilitikisa likapanda juu, akasubiri maji yatulie. Mizani ikasoma 2.27.

Kanuni ya Archimedes tulifundishwa sote kidato cha kwanza, tukaikariri kwa ajili ya mtihani. Hapa ilikuwa inafanya kazi ya kueleweka: gramu 2.27 ni uzito wa maji yaliyosukumwa kando na kipande, na maji ya gramu moja yanajaza sentimita moja ya ujazo. Gawa 23.42 kwa 2.27. Fundi aligawa kwa kalamu, kikokotoo kikiwa kimelala hapo mezani, akapata densiti ya 10.32. Fedha safi ni 10.49. Fedha iliyochanganywa na shaba kidogo, asilimia tisini kwa kumi, huangukia hapo hapo kwenye 10.3. Shaba na nikeli, mchanganyiko wa sarafu nyingi za siku hizi, haivuki 9.

Ningekuwa mimi ningetangaza ushindi. Yeye alirudia zoezi zima, akapata 2.28, akaandika na hiyo. Kisha akasema, "Risasi." Risasi ni 11.34, bati ni kama 7.3, na anayejua kuzichanganya kwa kipimo anaweza kuipata hiyo 10.3 bila chembe ya fedha. Maji peke yake hayatofautishi.

Kinachotofautisha ni sumaku na sikio. Alichomoa sumaku ndogo yenye nguvu kali aliyoitoa kwenye diski ya kompyuta mbovu, akainamisha kipande juu ya kibao na kuiachia sumaku iteleze usoni pake. Haikushika, na hilo lilitarajiwa. Lakini haikuteleza kwa kasi pia. Ilishuka polepole, kama inayopita kwenye asali. Fedha inapitisha umeme kuliko chuma chochote, na sumaku ikipita juu yake huzaliwa mikondo midogo ya umeme inayoizuia. Kwa risasi na bati ingeshuka haraka, na kwa shaba na nikeli vilevile. Kisha akakituliza kipande juu ya ncha ya kidole kimoja na kukigonga ukingoni kwa penseli ya mti, mara moja, kidogo. Kililia kwa sauti nyembamba iliyokawia kwisha. Risasi ingesema "to" na kunyamaza.

Mama wa Ulaya alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Ni fedha, baba?"

"Ni fedha, mwanangu. Ya asilimia tisini au tisini na mbili na nusu, hapo mizani yangu haifiki. Ni fedha, lakini fedha hata leo ipo dukani."

Chupa ya asidi ilikuwa kwenye rafu nyuma yake. Masonara wengi wangekwangua kidogo na kudondosha tone waone rangi, na kwa bangili ni sawa. Kwa kitu cha namna hii kovu linabaki, na hata kikigundulika cha kweli kinakuwa kimeshapoteza sehemu ya thamani yake mikononi mwa aliyekuwa anakipima. Kwa sababu hiyo hiyo alimwonya mama asikisugue kwa majivu wala dawa ya meno, akarudia onyo hilo kabla hajaondoka.

Sasa lenzi, ile ya kukuza mara kumi. Fundi hailengi kwenye kitu. Huileta mpaka karibu na jicho, halafu akakileta kitu kwenye lenzi, viwiko vyote viwili vikiwa mezani. Sarafu inatengenezwa kwa njia mbili kuu. Ya kugonga hubanwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu kwa nguvu kubwa, na madini hukimbilia ndani ya michoro. Ya kusubu humiminwa ikiwa ya moto ndani ya kalibu. Waghushi wa hali ya chini husubu, kwa sababu kalibu inaweza kutengenezwa kwa kuikandamiza sarafu ya kweli kwenye udongo laini. Madini yakipoa huacha vitundu vidogo usoni, kona za herufi huwa za mviringo, na ukingoni hubaki mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana.

Alinipa lenzi nione mguu wa herufi K. Ukuta wa herufi ulishuka wima na kukutana na uwanda kwa kona kali. Kuanzia hapo kuelekea ukingoni ilitoka mistari myembamba mno iliyotawanyika kwenda nje, njia ambayo madini yalipita yalipobanwa. Aliigeuza kidogo kidogo chini ya mwanga, na mng'ao uliobaki ukazunguka uwandani kufuata mistari ile. Kipande kiligongwa. Pande zote mbili zilikuwa wima zikielekea upande mmoja, jambo alilolipita bila kuliandika: Mmarekani huzipindua, Mwingereza huzisimamisha, na mwenye kugonga medali huzisimamisha pia, kwa hiyo halikumsaidia.

Ukingo aliuacha mwisho, na ukingo ndio uliosema zaidi. Haukuwa na meno, ulikuwa laini. Aliuzungusha mbele ya lenzi kwa kasi ile ile, bila kuruka, mpaka alipofika juu kabisa, sawasawa na ncha ya mwenge, akasimama. Alirudi nyuma kidogo, akasonga mbele, akasimama tena pale pale. Kisha akachukua sindano ya mti na kuniwekea ncha yake jirani na mahali hapo. Kwa macho matupu sikuona kitu. Ndani ya lenzi palikuwa na eneo fupi lenye mikwaruzo iliyolala sambamba, yote upande mmoja, na kwenye pembe zake mbili kulikuwa na madini ya rangi iliyokolea njano kidogo, yaliyotambaa kama unene wa wino juu ya fedha.

"Lehemu," alisema. Na mikwaruzo ilikuwa ya tupa. Hapo palikuwa na pete ya kupitishia utepe, ililehemiwa, ikakatwa, halafu mtu akapasawazisha kwa tupa laini. Fundi ambaye ameshalehemu maelfu ya hereni aliitambua kazi ya mwenzake, na hata aliona kuwa aliyekata hakuwa sonara, kwa sababu alisukuma tupa kwa njia zote mbili, na sonara husukuma kwa njia moja.

Kipande hiki kilikuwa cha kuvaliwa kifuani.

Kilichofuata kilithibitisha hilo kwa utulivu. Mchakao wa kweli huanza kwenye vilele. Ncha ya mwenge na kifua cha yule mwanamume wa kwenye ngao vilikuwa vimelainika, huku mistari iliyo chini zaidi imebaki mikali. Upande wa ngao ulichakaa kuliko ule wa mlima, yaani upande uliosuguana na shati. Anayechakaza kwa makusudi, kwa kutikisa kitu pamoja na mchanga ndani ya kopo, hupata majeraha kila mahali, hata mabondeni. Weusi nao ulikaa inavyopaswa. Fedha hupatwa na weusi kwa salfa iliyomo hewani, ikianzia njano, kisha kahawia, kisha samawati hadi nyeusi, na huwa mzito pale kidole kisipofika. Anayetaka haraka hufungia fedha pamoja na kiini cha yai la kuchemsha kwenye mfuko, na siku moja inatosha. Lakini weusi huo hulala sawasawa kila mahali kama rangi. Fundi alipitisha pamba yenye spiriti pembezoni kabisa, mguso mmoja. Pamba ilitoka safi.

Cha kushangaza, pale palipopigwa tupa weusi ulikuwa umeanza, ila mwepesi, bado njano. Pete ilikatwa siku za karibuni kuliko umri wa medali. Niliona mama akitazama chini, na fundi akahamia jambo jingine bila kuuliza nani.

Alifungua daftari, akaandika kwa herufi kubwa zilizotengana: Medali. Tanganyika, Uhuru 1961. Fedha. Mm 38, gramu 23.42. Imegongwa. Pete imekatwa. Mbele ya neno "Aliyeigonga" aliacha nafasi tupu.

"Kwa hiyo ni feki?" mama aliuliza.

"Anayekuambia ni sarafu, huyo ndiye anakudanganya. Yenyewe haijakudanganya, haikuandika popote kwamba ni sarafu."

"Na milioni nane?"

"Gramu za fedha zina bei yake ya siku, hiyo hupotezi. Zaidi ya hapo inategemea nani alipewa, na kwa kazi gani." Alirudi kwenye daftari, akashika kalamu tayari. "Marehemu alikuwa anafanya kazi wapi?"

"Reli. Kilosa stesheni."

Aliandika hilo pia, chini ya uzito, kwa ukubwa ule ule wa herufi. "Kuna picha yake ya siku hiyo? Au ya sherehe yoyote, amevaa shati la kazi?"

Mama alifikiri. Ipo moja, alisema, ukutani kwa shangazi Kimamba, amesimama na wenzake mbele ya behewa. Hakumbuki kifuani kuna nini.

"Basi nenda Kimamba kwanza, mwanangu," fundi alisema, akikifunga kipande kwenye karatasi safi. "Ukirudi na hiyo picha nitaitazama kwa lenzi. Hiyo laki moja usimpe mtu."